DAWA YA MOTO NI MOTO
Jinsi vinyunyizio vya maji vinavyojifungua vyenyewe, na kwa nini vingine hukataa kazi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Februari, 1991, moto ulizuka katika jumba moja refu la ofisi mjini Philadelphia, Marekani. Jumba hilo liliitwa One Meridian Plaza, nalo lilikuwa na orofa 38. Makarani walikuwa wamekwenda makwao. Katika orofa ya 22 mafundi waliokuwa wakitengeneza mbao za kuta waliacha matambara yaliyolowa mafuta ya kitani. Mafuta hayo yanapokauka katika tambara lililokunjwa hutoa joto, na joto likikosa njia ya kutoka huzidi kuongezeka hata tambara likashika moto bila ya kiberiti. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule.

Askari wa zimamoto walifika, lakini mambo yalikwenda kombo tangu mwanzo. Stima ya jumba zima ilikatika, lifti hazikuweza kutumika, nao wakalazimika kupanda ngazi gizani hali wamebeba vyombo vyao. Maji yaliyotoka katika mipira yao huko juu yalikuwa dhaifu, kwa sababu vali za kupunguzia nguvu ya maji hazikupangwa sawasawa. Moto ukavunja madirisha, ukatoka nje, ukaingia tena kwa madirisha ya orofa ya juu yake. Askari watatu walipotea katika moshi, wakafa. Baada ya muda wa saa kumi na moja hivi wakubwa wao waliona kwamba jumba laweza kuporomoka, wakaamuru watu wote watoke. Askari zaidi ya 300 walioitwa kupigana na moto ule hawakuwa na la kufanya ndani ya jumba tena.

Basi moto ukaachwa upande upendavyo. Uliteketeza orofa ya 22 hata ya 29, yaani orofa nane. Ulipofika orofa ya 30, ukakoma.

Ulikomeshwa na nini? Katika orofa hiyo ya 30 mpangaji alikuwa amekwisha kuwekewa mabomba ya maji darini, na katika mabomba hayo vilifungwa vinyunyizio, vitu vidogo vya shaba ambavyo kimoja chaweza kufichwa katika kiganja cha mkono. Orofa zilizoungua hazikuwa na ulinzi huo. Vinyunyizio kumi tu vilifunguka, kila kimoja mahali moto ulipojaribu kuingia dirishani, na hivyo kumi vikafanya kazi iliyowashinda watu 300. Maji yake yalisukumwa kutoka barabarani na pampu za magari ya zimamoto, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja ndani aliyeyaelekeza. Moto wenyewe ndio uliofungua maji yaliyouzima.

Wazee husema kwamba dawa ya moto ni moto. Methali hiyo ilitungwa kwa mambo mengine, lakini hakuna mahali inapofaa zaidi ya hapa.

Umbo la kinyunyizio

Mtu aingiaye katika hoteli kubwa, duka kubwa au ofisi mpya mjini Nairobi au Mombasa, akiinua macho darini, huenda akaona vitu vidogo vya chuma vinavyong'aa, vimepangwa kwa mistari kama mbegu shambani. Katikati ya kila kimoja mara nyingi pana kichupa chembamba cha kioo, chenye maji ya rangi nyekundu. Watu wengi hudhani ni taa, au ni chombo cha kusikilizia maneno ya watu. Sivyo. Hicho ndicho kinyunyizio cha moto.

Sehemu zake si nyingi. Iko shingo yenye tundu, ambayo hukazwa katika bomba la maji. Tundu hilo limezibwa kwa kizibo. Kizibo hicho hakikugundishwa wala hakikukazwa kwa skurubu; kimeshikiliwa na kile kichupa cha kioo, ambacho kimesimama kati ya kizibo na fremu kama mti wa kuegemezea mlango usifunguke. Mwisho kabisa kipo kisahani chenye meno mviringo wake wote. Maji yamo bombani mchana na usiku, yanasukuma kizibo, nacho kichupa kinakizuia. Kichupa kikivunjika, kizibo huruka, maji hutoka kwa nguvu, hupiga kisahani, hutawanyika kama mvua. Hayo ndiyo yote.

Sasa swali ni hili: kichupa hujuaje kwamba kuna moto?

Kichupa na kiputo

Kila mtu aliyepata kusahau chupa iliyojazwa pomoni na kufungwa, akaiacha karibu na jiko, ajua yaliyotokea. Kitu cha majimaji kikipata joto hutanuka, na kioo hakitanuki kama yeye apendavyo. Basi kisipopata nafasi, hupasua chombo. Waliotengeneza vichupa vya vinyunyizio waliitumia sheria hiyo. Ndani ya kichupa hutiwa majimaji yanayotanuka upesi, kisha huachwa kiputo kidogo cha hewa. Joto likipanda, majimaji hutanuka na kukibana kiputo. Kiputo hupungua, hupungua, hata kikatoweka. Tangu hapo majimaji hayana tena mahali pa kwenda, kwa kuwa kitu cha majimaji hakikubali kushindiliwa kama hewa. Joto likizidi kidogo tu, kioo hupasuka vipande vipande.

Kwa hiyo ukubwa wa kiputo ndio upimao joto. Fundi akitaka kichupa kipasuke mapema huacha kiputo kidogo, na akitaka kichelewe huacha kikubwa. Ili watu wasikosee, rangi za majimaji zimewekwa ziwe alama. Rangi ya machungwa hupasuka kwa nyuzi 57 za Selsiasi, nyekundu kwa nyuzi 68, manjano kwa nyuzi 79, kijani kwa nyuzi 93, buluu kwa nyuzi 141, na zambarau kwa nyuzi 182. Nyekundu ndiyo ionekanayo sana katika ofisi na hoteli.

Rangi hizi si za urembo. Kanuni ya kawaida ni kwamba kinyunyizio kipasuke kwa joto lililozidi kwa nyuzi 30 hivi joto kubwa kabisa la mahali hapo katika siku zote za mwaka. Chini ya paa la mabati, jua la Januari laweza kulipasha dari joto kali, na juu ya tanuri la mikate joto ni zaidi. Mtu akifunga kichupa chekundu mahali pastahilipo cha kijani au cha buluu, siku moja atanyeshewa bila ya moto. Na akifunga cha buluu mahali pa chekundu, maji yatachelewa hali moto unakua.

Unene wa kichupa nao una maana. Kichupa chenye upana wa milimita 5 huchukua muda zaidi kupata joto kuliko cha milimita 3, kama vile gogo linavyochelewa kushika kuliko kijiti. Ndiyo sababu mahali penye watu wengi wanaolala, kama vile hotelini, vichupa vyembamba hupendelewa.

Si vinyunyizio vyote vyenye kioo. Vingine vimeshikiliwa na vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa lehemu laini. Mpishi yeyote aijua siri yake: birika lililotobolewa na kulehemiwa na fundi hudumu miaka motoni maadamu lina maji, lakini likisahauliwa likakauka, lehemu huyeyuka na kudondoka. Lehemu ya vinyunyizio huchanganywa kwa madini yanayoyeyuka upesi zaidi, yaani bismathi, risasi, bati na kadimiamu. Kila moja ya madini hayo peke yake huhitaji joto kubwa ili liyeyuke; lakini yakichanganywa kwa kipimo maalumu huyeyuka kwa nyuzi 70 hivi, joto lisilofikia hata la maji yanayochemka.

Kwa nini darini?

Mama apikaye kwa kuni ajua kwamba mahindi ya mbegu yakitundikwa juu ya meko hukauka upesi kuliko yakiwekwa kando ya moto. Joto hupanda. Katika chumba, hewa ya moto huinuka wima hata ikagonga dari, kisha huenea pande zote chini ya dari kama maji yamwagikayo sakafuni. Mtu aliyeketi chumbani huenda akaona moto wa kapu la takataka tu, hali huko darini juu ya kapu joto limekwisha pita nyuzi 68. Kinyunyizio kilicho karibu na hapo hupasuka kwanza, nacho kipo juu ya moto wenyewe.

Kisha maji hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hupoza kitu kinachoungua. Hulowanisha vitu vilivyo jirani, visishike. Na matone yageukapo mvuke hunyang'anya hewa joto lake, dari isifike kiasi cha kuwaka. Kinyunyizio cha kawaida, maji yakiwa na nguvu ya kadiri, hutoa lita 80 hivi kwa dakika, yaani kama madebe manne, na mahali pengi hupangwa kila kimoja kilinde eneo la mita 4 kwa mita 3 hivi. Mpira mmoja wa zimamoto hutoa maji mara kadhaa ya hayo, lakini hufika wakati moto umekwisha kuwa mkubwa. Madebe manne ya dakika ya pili yana faida kuliko madebe elfu ya nusu saa baadaye. Ndiyo maana ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

Uongo wa sinema

Hapa yafaa kuondoa kosa moja ambalo limewazuia wenye mali wengi wasiweke vinyunyizio. Katika sinema mtu huwasha kiberiti chini ya kinyunyizio kimoja, na mara hiyo vyote vya jumba zima hunyesha, watu wakalowa, karatasi zikaharibika. Mwenye duka akiona hayo husema moyoni, "Afadhali moto kuliko mafuriko."

Lakini sivyo vilivyo. Kila kinyunyizio kina kichupa chake, na kichupa kisichopata joto hakipasuki. Moshi mtupu haukifungui, wala mvuke wa chai, wala sigara ya karani. Hesabu zilizokusanywa kwa miaka mingi na Chama cha Taifa cha Kuzuia Moto cha Marekani, ambacho kilianzishwa mwaka 1896, zaonyesha kwamba katika moto ambao vinyunyizio vilifanya kazi, zaidi ya mara tatu katika kila nne kilifunguka kimoja tu, na karibu mara 97 katika mia havikuzidi vitano. Chumba kimoja hulowa, jumba husalimika.

Iko namna moja tu ambamo vyote hutoa maji pamoja. Hiyo huwekwa kwa makusudi mahali penye hatari ya moto wa ghafula, kama panapowekwa ndege au mafuta ya transfoma za stima. Huko vinyunyizio havina vizibo, na vali moja hufunguliwa na chombo kingine cha kutambua moto. Katika ofisi na maduka namna hiyo haiwekwi. Na katika nchi za baridi kali, ambako maji yangeganda na kupasua bomba, mabomba hujazwa hewa iliyoshindiliwa. Kinyunyizio kikifunguka hewa hutoka kwanza, kisha maji hufuata.

Kiwanda cha piano na vinu vya pamba

Zamani wenye viwanda walijaribu njia nyingine. Mjini London, jumba la michezo la Drury Lane liliteketea mwaka 1809. Lilipojengwa tena mwaka 1812, liliwekewa mabomba yenye matundu yaliyoungwa na tangi kubwa la maji. Viwanda vya kusokota pamba vya kaskazini mashariki ya Marekani navyo vilitumia mabomba ya matundu kwa miaka mingi. Ulikuwa msaada, lakini ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilibidi mtu aamke, auone moto, akimbie, afungue vali. Pili, akiisha kufungua, maji yalimwagika chumba kizima, penye moto na pasipo na moto.

Mwaka 1874 Mmarekani mmoja, jina lake Henry Parmelee, aliyekuwa na kiwanda cha piano mjini New Haven, alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Kiwanda cha piano ni mbao kavu, gundi na vanishi. Humo moto hauhitaji kualikwa. Parmelee aliweka kichwa chenye matundu mwisho wa bomba, akakifunika kwa kofia iliyoshikwa kwa lehemu laini. Moto ukiyeyusha lehemu, kofia huanguka. Hivyo akamwondoa yule mtu aliyepaswa kukimbilia vali. Moto ukapewa kazi hiyo.

Hata hivyo kifaa chake kilikuwa kizito wa kusikia. Lehemu iligusana na shaba iliyopozwa na maji ya bomba, na kama lile birika lenye maji, haikuyeyuka upesi. Frederick Grinnell wa Providence, ambaye kampuni yake ya mabomba ilikuwa ikitengeneza vifaa vya Parmelee, aliiona kasoro hiyo. Mwaka 1881 alipata hati ya kifaa chake mwenyewe, ambacho lehemu yake ilitengwa mbali na maji, ikasimama katika hewa ya chumba peke yake. Kwa mabadiliko hayo madogo dakika zilipungua, na katika moto dakika ndizo mali na roho za watu.

Huko Uingereza vifaa hivi vilipaswa kushuhudiwa kabla ya kuaminiwa. Tarehe 22 Machi, 1882, George Parmelee, ndugu yake Henry, aliwasha moto kwa makusudi katika kinu cha pamba mjini Bolton, mbele ya watu walioalikwa. Vinyunyizio 32 vilifunguka, moto ukazimika. Waliokuwapo waliondoka wamesadiki, lakini hawakununua wengi. Vinu vya pamba vilijaa vumbi la nyuzi na sakafu zilizolowa mafuta, na wenyewe waliijua hatari. Ila gharama iliwaogofya. Mambo yalibadilika pale kampuni za bima zilipoanza kupunguza malipo kwa kiwanda chenye vinyunyizio. Mwaka 1885 John Wormald wa kampuni moja ya bima ya Manchester aliandika kanuni za jinsi ya kuvipanga, na tangu hapo mwenye kinu aliweza kupiga hesabu na kuona kwamba mabomba yatajilipa. Vichupa vya kioo vilikuja baadaye, katika miaka ya 1920.

Lakini palipokuwa hakuna bima wala sheria ya kumsukuma mwenye mali, watu waliendelea kufa. Tarehe 25 Machi, 1911, moto ulishika katika kiwanda cha kushona nguo kiitwacho Triangle, katika orofa za juu za jumba moja mjini New York. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Jumba lenyewe lilisifiwa kuwa haliungui, na kweli halikuungua. Kuta zake zimesimama mpaka leo. Vilivyoungua ni vitambaa na wasichana waliovishona. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na vinyunyizio havikuwapo, ijapokuwa uvumbuzi wa Parmelee ulikuwa umekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka 30.

Mlinzi aliyefungwa mikono

Kinyunyizio hakilali, hakilewi, hakiombi ruhusa ya kwenda mazishini. Kwa nini basi mara nyingine hushindwa?

Jawabu lake ni la kuhuzunisha. Hesabu za chama kile kile cha Marekani zaonyesha kwamba vinapokosa kufanya kazi, zaidi ya nusu ya mara hizo sababu si ubovu wa kifaa. Sababu ni kwamba mtu alifunga maji. Fundi alikuja kutengeneza bomba, akafunga vali kuu, akaenda kula. Au bomba lilikuwa likivuja tone moja moja, mwangalizi akaona afadhali kufunga kuliko kumwita fundi, kisha akasahau. Kuanzia siku hiyo vinyunyizio vyote vya jumba vinang'aa darini kama kawaida, na kila aviangaliaye hujiona yu salama. Heri asiye na mlinzi, kwa kuwa atajilinda mwenyewe, kuliko mwenye mlinzi aliyefungwa mikono.

Kwa hiyo vali kuu hufungwa kwa mnyororo na kufuli ikiwa wazi, ili mtu asiifunge ovyo, na funguo huwekwa kwa mtu anayejulikana. Akilazimika kuifunga, huandikwa kitabuni siku na saa, na jina la atakayeifungua. Karani apewaye kitabu hicho asidhani kwamba amepewa kazi ndogo.

Yako makosa mengine yafanywayo na watu wema wasiojua. Mpaka rangi hupitisha brashi juu ya dari na vinyunyizio pamoja. Rangi ikikauka hufunika kichupa kama blanketi na kugandisha kizibo. Kinyunyizio kilichopakwa rangi hakisafishwi, bali hubadilishwa. Msichana wa hoteli hutundika nguo juu yake, siku moja kikavunjika, chumba kikajaa maji. Mwenye ghala, mavuno yakiwa mengi, hupanga magunia hata dari, hata matone yasipate nafasi ya kutawanyika. Yafaa kuacha nafasi ya nusu mita hivi chini ya kila kinyunyizio. Na mwenye duka hugawanya chumba kwa ukuta mpya, upande mmoja ukabaki bila ya kinyunyizio hata kimoja.

Maji nayo ni lazima yawepo, tena yawe na nguvu. Katika miji yetu ambako maji hukatika kwa zamu, bomba la mji peke yake halitoshi kutegemewa. Jumba huhitaji tangi lake, ambalo maji yake hayaguswi kwa kufulia wala kupikia, na pampu inayoweza kujiendesha stima ikikatika. Pampu isiyojaribiwa mara kwa mara ni sanamu ya pampu. Kadhalika iko kengele inayozungushwa na maji yenyewe: kinyunyizio kimoja kikifunguka, maji yapitayo katika vali huigonga kengele ukutani, majirani wakajua. Kengele hiyo ikilia, watu watoke kwanza. Maulizo yaje baadaye.

Mambo haya na nchi yetu

Mkulima mwenye nyumba moja na ghala la mahindi hahitaji mabomba darini. Ulinzi wake ni kuweka jiko mbali na nyasi, taa mbali na mafuta, na mchanga au maji karibu. Lakini mkulima huyo huyo hupeleka pamba yake katika kiwanda cha kuchambulia, na kahawa yake katika ghala la chama cha ushirika. Mtoto wake hufanya kazi katika orofa ya kumi mjini, na mkewe huingia katika maduka makubwa kununua sukari. Tarehe 28 Januari, 2009, moto uliteketeza duka kubwa katikati ya Nairobi mchana kweupe, na watu zaidi ya 20 walioingia kununua vitu vyao hawakutoka. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto mahali pa kazi zilizotolewa mwaka 2007 zinamtaka mwenye kazi awe na vyombo vya kuzimia moto, awe na wafanyakazi waliofundishwa kuvitumia, na awafanyishe watu mazoezi ya kutoka. Kanuni iliyomo kabatini haizimi moto, kama vile vali iliyofungwa haitoi maji.

Mwanakamati wa chama cha ushirika, siku ya mkutano, aweza kuuliza maswali matatu yasiyohitaji ujuzi wa uhandisi. Je, ghala letu lina vinyunyizio, na kama halina, kampuni ya bima yasemaje? Vali kuu iko wapi, na nani aliiona ikiwa wazi mara ya mwisho? Pampu iliwashwa lini? Akijibiwa upesi na kwa tarehe, akae kitini kwa amani. Akiona watu watazamana, asikae.

Na huko Philadelphia jumba la One Meridian Plaza halikutumika tena. Lilisimama tupu miaka mingi, kisha likabomolewa, kazi hiyo ikaisha mwaka 1999. Jumba la orofa 38 lilipotea kwa ajili ya matambara machache ya mafuta. Kama orofa ya 22 ingalikuwa na vile vitu vidogo vya shaba vilivyokuwa katika orofa ya 30, labda kimoja au viwili vingalipasuka usiku ule, chumba kimoja kingalilowa, na asubuhi ya Jumatatu mtu wa kufagia angalikausha sakafu. Na askari watatu wangalirudi nyumbani kwao.